Askari Naye Ana Nyumba

Ukurasa huu ni wa mambo ya nyumbani, na huenda ukastaajabu kuona leo unazungumzia askari na vita. Lakini kila askari ametoka katika nyumba fulani, na nyumba hiyo humngojea arudi. Ndiyo sababu juma hili napenda tumkumbuke Kapteni Mbaye Diagne, Msenegali aliyefia mjini Kigali, Rwanda, tarehe 31 Mei, 1994, akiwa na umri wa miaka 36. Wengi wamekwisha kuusifu ushujaa wake. Yafaa pia tuitazame nyumba aliyoiacha.

Marehemu alizaliwa Coki, nchini Senegal, tarehe 18 Machi, 1958. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Dakar, kisha akaingia chuo cha maafisa wa jeshi huko Thiès. Uaskari kwake haukuwa kazi ya kubahatisha. Aliusomea, akautumikia, akafikia kuongoza kombania huko Casamance, kusini mwa nchi yake, ambako palikuwa na uasi. Alimwoa Bibi Yacine, wakajaliwa watoto wawili. Mwaka 1993 alipelekwa Rwanda kuwa mwangalizi wa kijeshi, wakati ambapo Mkataba wa Amani wa Arusha, uliotiwa sahihi tarehe 4 Agosti mwaka huo, ulikuwa umewapa watu matumaini. Wajibu wa waangalizi wa Umoja wa Mataifa ulikuwa kuona na kutoa taarifa. Hawakuchukua silaha.

Matumaini hayo yalizimika usiku wa tarehe 6 Aprili, 1994, ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilipodunguliwa, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Kesho yake Waziri Mkuu, Bibi Agathe Uwilingiyimana, aliuawa pamoja na mumewe. Watoto wao walikuwa wamefichwa jirani. Kapteni Diagne alifika hapo bila silaha, akawachukua kwa siri hadi Hoteli ya Mille Collines, na baadaye watoto hao wakavushwa salama nje ya nchi.

Angeweza kuishia hapo na dhamiri yake isimsute. Tena amri ilikuwa wazi kwamba waangalizi wasijiingize katika mapambano. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likaamua kwamba jeshi la Umoja wa Mataifa, lililokuwa na watu wapatao 2,500, lipunguzwe hadi 270. Yeye alibaki, na kila alipopata nafasi aliingia mitaani na gari lake, akawachukua watu watatu, wanne au watano kwa safari moja, kwa kuwa kundi kubwa lingeonekana. Njiani palikuwa na vizuizi vingi, vikilindwa na wauaji wenye mapanga na bunduki. Alipita kwa uchangamfu, kwa mzaha na kwa kugawa sigara. Mkuu wake, Jenerali Roméo Dallaire, alijua, naye hakumzuia. Watu aliowaokoa kwa njia hiyo huhesabiwa kwa mamia.

Siku ya mwisho alikuwa akirudi makao makuu na ujumbe wa kumpelekea Jenerali Dallaire. Alipokuwa amesimama kwenye kizuizi, kombora lilianguka nyuma ya gari lake, na vipande vyake vikamuua papo hapo. Zilikuwa zimesalia wiki mbili hivi arejee Senegal.

Hapo ndipo habari hii inapoingia ukurasa wetu. Mtu mwenye watoto wadogo anapohatarisha roho yake kwa ajili ya watoto wa wengine, je, amewadhulumu wa kwake? Swali hili si la kujibiwa kwa pupa, na mjane ana haki ya kuliuliza hata kama taifa zima linashangilia. Kwa maoni yangu, hakuwadhulumu. Mapenzi ya mzazi yakiishia mlangoni pake, watoto wa jirani watakuwa na nani siku mlango wao utakapovunjwa? Hata hivyo, tusijidanganye. Gharama ya wema ule haikulipwa na yeye peke yake. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kazi hiyo aliachiwa mama peke yake.

Wahenga hao hao walisema chanda chema huvikwa pete. Tarehe 8 Mei, 2014, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2154 la kuanzisha Medali ya Kapteni Mbaye Diagne ya Ushujaa wa Kipekee. Medali ya kwanza ilikabidhiwa jamaa yake tarehe 19 Mei, 2016. Wakati huo watoto aliowaacha wakiwa wadogo walikuwa watu wazima. Mwaka 2022 nishani hiyo ilitolewa kwa Kapteni Abdelrazakh Hamit Bahar wa Chad, aliyeuawa nchini Mali mwaka 2021. Yeye pia hakuipokea kwa mkono wake.

Tunajifunza nini? Desturi yetu ni kujaa matangani, kupika na kulia pamoja, kisha kila mtu akashika njia yake. Lakini ukiwa huanza turubai linapokunjwa. Ikiwa jirani yako ni mjane wa askari, usingoje siku ya mashujaa ndipo umkumbuke. Mtembelee mwezi wa pili, na mwaka wa pili pia. Uliza kama mtoto amepata ada na sare ya shule. Na wewe uliyehudumu pamoja na marehemu, wasimulie watoto wake namna baba yao alivyokuwa, alivyocheka na alivyofanya kazi, maana medali haiwezi kuwasimulia hayo. Mungu amrehemu Kapteni Diagne, na awape nguvu wote waliobaki nyumbani.