Anga Ndani ya Ghala la Pamba



Majuma machache yaliyopita, baada ya swala ya Isha, kamati ya msikiti wetu hapa Bariadi ilipokea maombi mawili kutoka nyumba moja. Kijana aliyemaliza kidato cha sita, ambaye sasa anasubiri kuingia chuoni, aliomba aazimwe projekta ya msikiti, ile tuitumiayo katika darsa za Ramadhani. Alikuwa akijenga nyumbani kwao simuleta ya ndege, yaani mtambo wa kuigiza urukaji. Projekta moja alikwisha inunua kwa fedha za vibarua, lakini picha yake ilikuwa finyu. Usiku huohuo baba yake alituomba tumkanye mwanawe. Alilalamika kwamba umeme unakwisha kabla ya wakati, mashuka mawili ya mama yamechukuliwa kitandani, na swala ya Maghribi imempita kijana mara mbili kwa kuwa masikio yake yalikuwa yamezibwa na visikizio, asiisikie adhana.

Hatukuona insafu kutoa hukumu juu ya jambo tusilolijua. Tukaenda kulitazama.

Mtambo wenyewe umo katika ghala ambamo mzee huweka pamba wakati wa mavuno. Kiti kimetolewa katika gari bovu. Usukani na pedali ni vya mchezo wa kompyuta, vimenunuliwa vikiwa vimetumika. Programu inaitwa FlightGear, nayo ni kazi ya watu wa kujitolea wanaoigawa bure, hivyo hapo hapakuwa na wizi wala deni. Mbele ya kiti, mabomba ya plastiki yamekunjwa yakawa nusu duara, na mashuka ya mama yamevutwa juu yake. Kutoka kitini hadi kwenye kitambaa ni mita 1.5 kila upande, kwa hiyo urefu wa kitambaa, ukiufuata mkunjo, ni kama mita 4.7.

Mzee akauliza swali ambalo nasi tulikuwa nalo moyoni: "Kwani televisheni haitoshi?"

Jibu la kijana lilitunyamazisha. Macho mawili ya mwanadamu, kutoka ukingo hadi ukingo, huona karibu nyuzi 200, zaidi kidogo ya nusu duara. Ukikaa mita 2 mbele ya picha yenye upana wa mita 2, picha hiyo inakujazia nyuzi 53 tu. Ni sawa na kutazama dunia kupitia dirisha la choo, na hayo ni maneno yake mwenyewe, mtuwie radhi. Sasa rubani anayetaka kutua hunyooka kwanza sambamba na njia ya kurukia, akielekea kinyume na upande atakaotulia. Wakati huo njia haiko mbele yake, iko begani, na mara nyingi ni bega la kushoto. Huitazama huko ili ajue umbali wake na saa ya kugeuka. Mwenye picha ya mbele peke yake hugeuka kwa kubahatisha. Tena ni pembe za macho ndizo zinazohisi mwendo kasi na mwinamo wa ndege, wakati katikati ya jicho panasoma saa na mishale.

Kijana aliendelea kutueleza shida za ujenzi, nasi tunazisimulia kwa sababu wazazi wengi hudhani vitu hivi hununuliwa dukani vikiwa kamili. Picha iliyonyooka ikitupwa juu ya kitambaa kilichopinda, upeo wa macho nao hupinda kama tabasamu. Lazima kompyuta iipinde picha kwa upande wa pili kwanza, ili kitambaa kiinyooshe. Picha mbili zinapokutana, mpaka wao hung'aa maradufu, na dawa yake ni kila projekta kufifisha ukingo wake pole pole hadi zijumlishwe kuwa mwanga mmoja. Projekta hukaa juu nyuma ya kichwa, la sivyo rubani huona kivuli chake mwenyewe kikiruka juu ya Ziwa Victoria. Kisha likaja jambo ambalo mama mwenye nyumba alilifurahia: shuka jeupe pe halifai sana. Kitambaa kilichopinda hurushiana mwanga, upande wa kulia ukauoshea upande wa kushoto, na picha ikapauka. Kitambaa cha kijivu ni bora.

Kuhusu umeme, mzee hakukosea. Projekta tatu pamoja na kompyuta yenye nguvu zinaweza kula wati 1,300, nazo ni zaidi ya uniti moja kwa kila saa, karibu sawa na kuacha pasi ikiwaka. Mtoto akikaa humo saa nne kila usiku, LUKU italia na mzazi ana haki ya kulia nayo.

Sisi tuliosomea dini tulipoliona ghala lile, tulimkumbuka Abbas ibn Firnas wa Kurtuba, katika Andalusi, aliyefariki mwaka 274 Hijria, sawa na 887 Miladia. Watu wengi humtaja kwa kujivika mbawa na kuruka, akatua vibaya na kuumia. Inasemekana kwamba hakuzingatia namna ndege anavyoutumia mkia wake anapotua. Lakini al-Maqqari, mwanahistoria wa Tlemcen, anasimulia pia kwamba Ibn Firnas alitengeneza nyumbani kwake chumba chenye mfano wa mbingu, aliyeingia akadhani anaona nyota, mawingu, radi na umeme. Mwanafunzi wa hadithi atauliza sanad, na ana haki: al-Maqqari aliandika zaidi ya miaka mia saba baadaye. Hata hivyo habari hii imehifadhiwa na maulamaa wetu wenyewe, wala hawakuiandika kwa dhihaka. Tena Sura ya al-Mulk, katika aya ya 19, inatuelekeza tuwatazame ndege walio juu yetu wakikunjua na kukunja mbawa zao. Mtu aliyetii agizo hilo akauliza wanatuaje, hatuwezi kumwita mcheza upuuzi kwa haraka.

Mitambo ya kufundishia marubani tunayoijua leo ilianza mbali na Kurtuba. Mwaka 1929 Edwin Link wa Binghamton, Marekani, ambaye familia yake iliunda piano na vinanda vikubwa vya majumba ya sinema, alitumia mifuko ya hewa ya vinanda hivyo kuutikisa mtambo wake. Haukuwa na picha ya nje hata kidogo. Mwanafunzi alifunikwa, akajifunza kuziamini saa zake. Jeshi la Marekani liliinunua mwaka 1934, baada ya marubani wake kadhaa kufa wakisafirisha barua katika hali mbaya ya hewa.

Hapo ndipo tulipoigusa hofu ya mzee. Alitwambia kwamba tangu tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipotumbukia ziwani karibu na kiwanja cha Bukoba katika hali mbaya ya hewa, na watu 19 kati ya 43 wakafariki, hataki kusikia habari za ndege ndani ya nyumba yake. Hakuchukia shuka wala LUKU. Alikuwa akimwona mwanawe majini. Kijana akainamisha kichwa, akasema: "Baba, mimi nilianza kusoma haya kwa sababu ya siku ile."

Kamati iliamua hivi. Projekta haitatoka msikitini. Muhsini aliyeitoa aliiweka waqfu kwa ajili ya darsa, na wanazuoni wa fiqhi wanalipa sharti la mwenye kuweka waqfu uzito mkubwa. Leo tukiiazima kwa mwema huyu, kesho ataiomba mwenye harusi. Kijana atahudhuria swala kwa wakati, na visikizio vimewekwa kando. Mzazi ndiye apangaye saa za umeme. Na ajue yeye mwenyewe kwamba leseni ya rubani binafsi kwa kawaida inadai saa 40 za kuruka kwelikweli, wala mtambo wa ghalani usioidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga hauhesabiwi hata dakika moja.

Lakini darsa ni darsa. Jumamosi iliyofuata kijana alileta mabomba yake katika ukumbi wa madrasa, akawafundisha watoto jinsi mwanga unavyokwenda, pamoja na habari za Ibn Firnas. Kwa kuwa kugeuka ni kwa kushoto, projekta mbili zilitosha, moja ya mbele na moja ya ubavuni. Upande wa kulia tuliuacha giza. Watoto waliruka kutoka Mwanza kuja Bariadi, kilomita zipatazo 120 kwa mstari ulionyooka, safari ya dakika kama arobaini. Waliona ziwa. Msikiti wetu hawakuuona, mahali pake programu imepanda miti. Watoto wawili walipata kichefuchefu, maana macho husema tunakwenda na masikio ya ndani hukanusha, tukawatoa nje wapate hewa.

Mwishoni mzee alishawishiwa kukaa kitini, arudi Mwanza na kutua. Alikaza macho mbele, akilitafuta ziwa. Mwanawe akamwambia, "Baba, tazama begani, kushoto." Mzee akageuza shingo, akaiona njia ya kurukia ikipita polepole ubavuni mwake, akasema "Subhanallah" kwa sauti ndogo. Alitua vibaya, nusu majani nusu lami. Aliomba arudie, muadhini akawa tayari anapima sauti kwa ajili ya Alasiri.

Kitambaa cha kijivu kitanunuliwa pamba ikiuzwa. Mama ameshapewa mashuka yake.