Hedhi Isikunyime Usingizi

Msomaji, mama anayeamka mara tatu usiku kukagua shuka hajalala. Hapa Madogo wengi hunijia wakilalamikia kichwa na uchovu, wakitaka dawa ya malaria. Nikiwauliza habari za hedhi, huinamisha macho.

Wengi wao hutumia vitambaa, nami sivilaumu. Kitambaa cha pamba kilichofuliwa kwa sabuni na maji safi, kikaanikwa juani hadi kikakauka kabisa, hakina neno. Kinachodhuru ni kile kinachofichwa chini ya godoro kwa kuona haya, kikavaliwa na unyevu wake. Huchubua mapaja na kuwasha usiku kucha. Katika mafuriko ya 2023 na 2024, familia zilipohamia kambini, maji yalikuwa tele. Yaliyokosekana ni maji safi, na pahali pa faragha pa kuanika.

Sodo ziliondolewa kodi ya VAT mwaka 2004, na tangu 2017 sheria yataka wasichana wa shule wapewe bure. Mama zao je? Ukiwa na pakiti moja tu, weka sodo za usiku, mchana uvae kitambaa. (Nanyi waume, mkienda kununua sukari, ulizeni na bei ya sodo.)

Lakini ikiwa sodo hulowa kila baada ya saa moja au mbili, au unatokwa na mabonge makubwa ya damu, tatizo si sodo. Nenda ukapimwe damu. Huenda uchovu huo ni upungufu wa damu, nao hautibiwi kwa dawa ya malaria.