Pap haisemi eneo lililoathirika ni kubwa kiasi gani

Mwandishi, pale uliposema kipimo cha Pap kinaonyesha mabadiliko ya seli za mlango wa kizazi yameenea kiasi gani, hapo sikubaliani nawe. Kipimo kile huchukua seli za juu tu. Maabara itasema seli zimebadilika kidogo au sana, basi. Haiwezi kusema eneo lililoathirika ni kubwa kiasi gani wala kama limeingia ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi. Hilo hutafutwa kwa kolposkopi: daktari anapaka asidi ya siki, sehemu zilizobadilika zinageuka nyeupe, anazitazama kwa lenzi ya kukuza, kisha anakata kinyama kidogo kikapimwe. Wifi yangu aliambiwa ana mabadiliko madogo, akajua yameisha. Alipofanyiwa kolposkopi, weupe ulikuwa umeingia kwenye mfereji, tiba ya kugandisha haikufaa tena, ikabidi sehemu ile ikatwe kwa waya wa umeme. Leo ni mzima, alhamdulillahi.

Na wewe dada uliyeandika hapo juu kwamba Pap ikiwa mbaya ni saratani tayari, tafadhali usiwatishe wenzio. Mabadiliko madogo mara nyingi hupona yenyewe, na makubwa kwa kawaida huchukua miaka mingi kugeuka saratani. Kwa wanaoishi na VVU mwendo ni wa haraka zaidi, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri waanze kupimwa wakiwa na miaka 25, si 30. Dada zangu, majibu yasipokuwa ya kawaida, msiondoke kliniki kabla ya kuuliza kolposkopi inafanyika wapi na lini.