Sensa haikudanganya: vita vyangu na ufundi wa pata potea

Wasomaji wangu, samahanini kwa kimya cha majuma matatu. Sikuwa safarini wala sikuwa mgonjwa. Nilikuwa gereji, nimekalia tairi kuukuu, nikitazama pesa za mjomba wangu zikigeuka kuwa vipuri visivyohitajika. Leo nimerudi na hasira. Nusu yake inawahusu mafundi wa magari, na nusu iliyobaki inatuhusu sisi waandika programu, kwa hivyo msicheke kabla sijamaliza.

Kisa chenyewe ni hiki. Mjomba ana Toyota Corolla AE110, injini ya 5A-FE, lita 1.5. Ndiyo teksi yake, na ndiyo karo ya watoto wawili. Injini ilikuwa inakula oili, siku moja ikachemka, gasketi ya hedi ikaungua. Ikafunguliwa yote: ringi mpya, beringi mpya, hedi ikachongwa, valvu zikasagwa, mkanda wa taiming ukawekwa mpya. Ikafungwa. Ikawaka! Tukashangilia. Halafu tukanyamaza na kuisikiliza. Gari likiwa limesimama, injini inatetemeka kama mtu mwenye malaria. Mlimani haina nguvu. Plagi zinatoka nyeusi tii kwa masizi, na petroli inaisha kana kwamba tangi limetoboka.

Fundi akatoa hukumu palepale: "Hiyo ni sensa ya oksijeni." Ikanunuliwa. Hakuna kilichobadilika. Basi ni injekta. Zikasafishwa kwa pesa. Hakuna. Akachukua mita, akapima sensa ya mgandamizo wa hewa kwenye manifoldi (ile MAP), akakuta volti ziko juu kuliko alivyozoea. "Umeona? Imekufa." Ikanunuliwa nyingine. Volti zilezile! Mnadhani alisema nini? "Hii nayo ni feki." Ikanunuliwa ya tatu.

Hapo ndipo nilipopandwa na damu. Ukipima joto la mtoto kwa vipimajoto vitatu na vyote vikasema 39, utaenda kununua cha nne, au utampeleka mtoto hospitali?

Sasa hoja yangu, nayo ni rahisi. Kabla injini haijafunguliwa, sensa zote zilikuwa nzima. Gari lilikula oili, lilichemka, lakini halikutetemeka wala halikunywa petroli hivi. Je, sensa zilikufa kwa majonzi wakati injini imelala juu ya meza? Hitilafu iliyozaliwa baada ya injini kufungwa upya, mtafute mzazi wake katika vitu vilivyoguswa. Sisi wa programu tuna zana ya kazi hiyo: git bisect. Inakuuliza ni lini mara ya mwisho mambo yalikuwa sawa, kisha inakusogeza nusu kwa nusu hadi kwenye badiliko lililoharibu. Injini haina Git, lakini fundi ana kumbukumbu, na swali ni lilelile.

Nikamwomba mjomba tumwite mzee mmoja wa jua kali, mtu wa maneno machache. Alikuja na geji ya vakyumu, geji ya kompresheni, taa ya taiming na kipande cha waya. Hakuja na kipuri hata kimoja.

Akachomeka geji ya vakyumu kwenye manifoldi. Sindano ikasimama kwenye inchi 9, imetulia kabisa. Hapa sikilizeni vizuri, maana vitabu vingi vimeandikwa kwa watu wa pwani. Usawa wa bahari, injini nzima ikiunguruma bila kukanyagwa hutoa kama inchi 17 hadi 21. Lakini Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hupungua kama inchi moja kila mita 300. Kwa hiyo Nairobi ukiona 12 hadi 15, usiogope. Tisa ni ugonjwa. Na kwa kuwa sindano haichezi, silinda zote nne zinaumwa kwa usawa. Valvu moja ikiwa haifungi vizuri, sindano huruka.

Kompresheni ikasema hivyohivyo: zote nne chini, zote zinalingana. Akatia oili kidogo ndani ya silinda, akapima tena. Haikupanda kwa maana. Kama ringi ndizo zingekuwa zinavujisha, oili ingeziba na kipimo kingeruka. Basi si ringi.

Kisha akaniita nitazame distributa. Ilikuwa imezungushwa hadi mwisho wa tundu lake, haiwezi kusogea tena upande ule. "Mtu alilazimisha hii," akasema. Kwenye injini hii distributa huendeshwa na kamshafti. Kamshafti ikichelewa, cheche nazo huchelewa. Aliyefunga aliona cheche zimechelewa, badala ya kuuliza kwa nini, akazungusha distributa mpaka taa ya taiming ikamridhisha. Alirekebisha dalili, akaufunika ugonjwa.

Tukafungua kifuniko cha mkanda. Kranki kwenye alama, kamshafti imechelewa jino moja. Jino moja!

Na sasa kila kitu kikaeleweka. Kamshafti ikichelewa, valvu hufunguka na kufunga nje ya wakati wake, injini inashindwa kuvuta hewa sawasawa, mgandamizo ndani ya manifoldi unabaki juu. Sensa ya MAP inaona mgandamizo juu, inatoa volti za juu, kama ilivyoumbwa. Komputa ya injini inasoma volti hizo, inadhani gari limebeba mzigo linapanda mlima, inamwaga petroli zaidi. Plagi zinakuwa nyeusi. Sensa haikudanganya hata dakika moja. Ilikuwa inapiga kelele ya kweli, na sisi tukaifukuza kazi mara mbili.

Dawa ilikuwa kulegeza mkanda, kurudisha kamshafti jino moja, kukaza, kuzungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili na kutazama alama tena. Miwili, kwa sababu kamshafti huzunguka mara moja kila kranki ikizunguka mara mbili. Vipuri vilivyotumika: sufuri. Geji ikapanda hadi 14, na sensa ya kwanza kabisa, ile "iliyokufa", ikarudishwa. Mpaka leo inafanya kazi. Tulibahatika pia, maana katika injini hii taiming ikiteleza pistoni na valvu hazigongani. Zipo injini ambazo kosa kama hilo likizidi hupinda valvu zote.

Gari lako likitoka kufungwa upya na likakusumbua, huu ndio utaratibu. Uchapishe, umpe fundi:

1. Uliza kilichoguswa. Kiandike.
2. Tazama kwa macho: mipira ya hewa iliyosahaulika, waya wa athi ambao haukurudishwa, soketi zilizobadilishana, waya za plagi (mpangilio wa injini hii ni 1-3-4-2).
3. Pima kompresheni na vakyumu.
4. Hakiki alama za taiming kwa mizunguko miwili ya mkono.
5. Pima nafasi ya valvu. Valvu zikisagwa hukaa ndani zaidi na nafasi hupungua.
6. Pima cheche. Kwenye Toyota hizi unganisha kwanza TE1 na E1 kwa waya, kisha utafute nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Usipounganisha, unapima uamuzi wa komputa, si mahali distributa ilipo.
7. Sensa na petroli, mwisho.

Najua mafundi watanijibu nini, na jibu lao lina uzito: "Mteja halipii kufikiri." Ni kweli! Mjomba alilipa sensa tatu bila kunung'unika, kwa sababu alizishika mkononi. Mzee alipotaja ada ya saa mbili za kupima, mjomba alishtuka: "Kwani amebadilisha nini?" Mjomba wangu nampenda, lakini swali hilo ndilo lililomfilisi. Tukiendelea kulipia vipuri na kukataa kulipia vipimo, tutauziwa vipuri. Fundi naye ana watoto.

Na nyinyi wenzangu wa kibodi mnaotabasamu: juzi mfumo ulipokwama, mlifanya nini? Mliwasha seva upya. Mkaongeza memori. Mkabadilisha maktaba. Kuna aliyesoma logi? Kuna aliyeuliza ni nini kilibadilishwa Ijumaa jioni? Mimi mwenyewe nimewahi kuongeza muda wa kusubiri kutoka sekunde 5 hadi 60 ili kosa lisionekane. Hiyo ni distributa niliyoizungusha hadi mwisho wa tundu. Nakiri.

Pata potea ni mchezo wa karata wa barabarani, na sote tunajua nani hushinda. Mjomba amepoteza majuma matatu ya kazi, na sensa mbili zimelala kabatini kwa sababu duka halirudishi vitu vya umeme. Anayetaka kupinga na apinge, ila aje na vipimo.

Haya, narudi kazini. Kuna logi sijaisoma.