MAMBO YA MIJI: Ukingo wa Mto Waanzia Wapi?

Mji wa Nairobi ulipewa jina lake na maji. Wamasai walipaita mahali hapo Enkare Nairobi, yaani maji baridi, na reli ilipofika mwaka wa 1899 mji ukaota kando ya mto huo. Kwa miaka mingi mto ulikuwa nyuma ya nyumba, mahali pa kutupa kisichotakiwa. Siku hizi viwanja vilivyo karibu na maji hutafutwa sana, na ugomvi wa mipaka umezidi.

Kusema kwamba ukingo usijengwe ni rahisi. Lakini ukingo wenyewe waanzia wapi, na waishia wapi? Hapo sheria za Kenya zimetoa majibu zaidi ya moja. Kanuni za kilimo za mwaka wa 1965 zilikataza kulima, kukata miti au kulisha mifugo ndani ya mita 2 kutoka kwenye kijito. Na kama kijito ni kipana kuliko hivyo, basi umbali ulio sawa na upana wake, usiozidi mita 30. Wakulima wa Kikuyu na Kiambu wanaopanda nduma karibu na maji wanakijua vyema kipimo hicho, hata kama si wote wanaokifuata. Kanuni za ubora wa maji za mwaka wa 2006 zilitaja upana wote wa mto, usipungue mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande, tena uhesabiwe kutoka pale yalipofika mafuriko makubwa kupita yote yaliyowahi kuandikwa.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayosahauliwa. Mnunuzi hupelekwa kuona kiwanja mwezi wa Januari, wakati wa jua kali. Hukuta kijito anachoweza kukiruka, akahesabu hatua zake kutoka hapo, akaridhika, akatoa fedha alizoweka akiba miaka kumi. Sheria haiyahesabu maji ya Januari. Huihesabu alama ya mafuriko, nayo huenda iko juu kabisa, karibu na mlango wa nyumba anayokusudia kuijenga. Alama hiyo haikuchongwa juu ya jiwe lolote. Hujulikana tu iwapo mpima ardhi na ofisa wa maji watasimama pamoja mahali penyewe, na kusimama pamoja huko ni jambo la nadra.

Matokeo yake yalionekana mwezi wa Agosti 2018, majengo ya maduka ya Ukay kule Westlands na Southend katika barabara ya Lang'ata yalipobomolewa kwa kuwa yalisimama juu ya ardhi ya mto. Hayo hayakuwa vibanda vilivyosimamishwa usiku. Yalikuwa majengo makubwa, yakifanya biashara mchana mbele ya macho ya kila ofisa aliyepita barabarani. Ikiwa yalikosea, kosa lilionekana tangu msingi ulipochimbwa, na siku hiyo gharama ya kulisahihisha ingalikuwa ndogo.

Mwaka wa 2024 ilikuwa zamu ya maskini. Mvua za Aprili na Mei zilijaza Mto Mathare na Mto Ngong, watu wakafa, na Serikali ikaamuru waliokaa kando ya mito waondoke. Matingatinga yaliingia Mathare na Mukuru, na waliohamishwa wakaahidiwa shilingi 10,000 kwa kila jamaa. Kwamba watu wasilale penye hatari, hakuna mwenye akili atakayebisha. Lakini mpangaji wa chumba cha mabati hakuwa na hati wala mchoro. Alilipa kodi kila mwezi kwa mtu aliyejenga pale, na mtu huyo hakuonekana siku ya kubomolewa. Tena yafaa ikumbukwe kwamba mpango wa zamani wa mji uliwaweka Wazungu juu, upande wa magharibi, na Waafrika mashariki, ambako mito hiyo huteremkia na uchafu wa mji mzima.

Mwezi wa Machi 2025 Serikali ilizindua kazi kubwa ya kuutengeneza Mto Nairobi, pamoja na mabomba ya maji machafu, bustani na nyumba. Kazi ni njema, lakini inaongeza haja ya nguzo za mipaka kusimikwa kwanza, zionekane na kila mtu, kabla ya nyumba yoyote kubomolewa au kujengwa. Nyumba mpya ikisimama mahali ilipoondolewa ya zamani kwa ajili ya mafuriko, wananchi watauliza kama mto umehama.

Sheria ya upangaji wa matumizi ya ardhi ya mwaka wa 2019 yaruhusu kaunti kutangaza eneo maalum la mipango na kusimamisha ujenzi humo kwa muda usiozidi miaka miwili. Mwenye kiwanja katika eneo la namna hiyo aweza kunyimwa ruhusa ya kujenga ingawa hati yake ni halali. Aliyekataliwa ombi lake, au jirani aliyeumizwa na ruhusa aliyopewa mwingine, aweza kukata rufani mbele ya kamati ya kaunti iliyowekwa kwa kazi hiyo. Muda aliopewa ni siku 14, nazo huhesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa.