Simu Yako Yatosha: Sauti Kwanza, Picha Baadaye

Wiki hii twataka kuzungumza juu ya chombo kilichomo karibu katika kila nyumba, nacho ni simu ya mkononi, na juu ya zile video tunazozirekodi kwayo na kuzihifadhi tukidhani kuwa tumehifadhi kitu.

Na tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Bibi yetu alikuwa fundi wa udi wa sukari. Alipoutia chetezoni, majirani wa kichochoro kizima walijua kuwa kwetu kuna mgeni. Vipimo vyake hakuviandika popote. Vilikuwa kichwani na mkononi mwake. Alipoanza kudhoofika, tulikaa naye jikoni mchana mmoja tukamrekodi kwa muda wa dakika 40, kwa simu mpya ya bei kubwa. Aliyeyusha sukari, akatia mawardi, akatia udi uliosagwa, zafarani na ambari, na kila hatua akaieleza kwa utulivu. Miezi michache baadaye alirejea kwa Mola wake. Mwenyezi Mungu amrehemu na aipanue kaburi yake.

Tulipoifungua video ile ili tujifunze, picha ilikuwa safi. Mkono wake waonekana, pete yake, na mwiko ukizunguka sufuriani. Lakini pangaboi lilikuwa likienda kwa kasi juu yetu, nasi tulikuwa tumesimama mlangoni kukwepa joto la jiko. Kinachosikika ni mvumo wa pangaboi, na chini yake sauti ya bibi, kama mtu azungumzaye nyumba ya pili. Pale anapoeleza ni wakati gani wa kuiepua sukari, hatusikii neno. Tumejaribu mara tatu. Mara ya kwanza sukari iliungua, mara ya pili haikushikana, na mara ya tatu ilishikana lakini harufu haikuwa ile.

Twayaandika haya ili nyumba nyingine isipatwe na lililotupata. Tangu siku ile tumeuliza, tumejifunza na tumejaribu, na tumebainikiwa kuwa uzuri wa video hautoki katika bei ya simu. Filamu ya Searching for Sugar Man, iliyotunukiwa Oscar ya filamu bora ya hali halisi mwaka 2013, ina sehemu ambazo mtengenezaji wake, Malik Bendjelloul, alizipiga kwa simu baada ya kuishiwa na fedha. Ikiwa kwake simu ilitosha, na kwetu yatosha. Linalohitajika ni kuyashika mambo manne: sauti, mwanga, utulivu na idhini.

Sauti

Mtazamaji huivumilia picha yenye kasoro, lakini sauti isiyosikika haivumiliki. Kipaza sauti cha simu ni kitundu kidogo, aghalabu kilicho chini yake, karibu na pahali pa kuchomeka chaja. Kadiri tunavyojitenga na msemaji, ndivyo kitundu hicho kinavyokusanya kelele nyinginezo: pangaboi, friji, maji ya bomba, na bodaboda zipitazo njiani. Kwa hivyo pangaboi lizimwe, hata katika joto la kaskazi. Friji izimwe kwa muda, na dirisha la upande wa njia lifungwe. Chumba chenye zulia, mito na mapazia husaidia, kwa sababu vitambaa hupunguza mwangwi wa kuta.

Kisha simu isogezwe karibu. Ikiwa haiwezekani, iko njia isiyogharimu hata senti: kutumia simu mbili. Ya kwanza ipige picha kutoka mbali, na ya pili iwekwe shibiri mbili kutoka kinywani mwa msemaji, nyuma ya kikombe au birika, ikirekodi sauti pekee. Zote mbili zikishaanza, mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Baadaye, katika programu ya kuhariri kama CapCut, sauti ya kofi italinganishwa na picha ya kofi, na sauti ile safi itakaa mahali pa ile yenye kelele.

Na zaidi ya yote, fanyeni jaribio la nusu dakika. Rekodini, simamisheni, kisha sikilizeni kabla ya kuendelea. Lau tungalifanya hivyo siku ile, tungalilizima pangaboi, na leo tungalikuwa na udi wa bibi.

Mwanga

Taa ya dari humwangushia mtu vivuli machoni na kumzeesha. Mwanga ulio bora ni ule wa dirisha. Msemaji akae karibu na dirisha huku mwanga ukimjia kwa ubavuni au kwa mbele, na asiwekwe kamwe na dirisha nyuma yake, kwani ataonekana kama kivuli tu. Katika nyumba za vichochoro vyembamba, ambazo madirisha yake hayapati mwanga wa kutosha, nendeni kiwandani au darini. Shuka jeupe likishikwa upande wa pili wa uso hurudisha mwanga na kulainisha vivuli. Wakati mwema ni baina ya Alasiri na Magharibi, tangu saa kumi na nusu hivi, jua likiwa limepunguza ukali. Kwa wakaao Mji wa Kale, ambako misikiti imekaribiana, wakati huo pia ni mrefu wa kutosha kumaliza mazungumzo baina ya adhana mbili.

Buibui jeusi lina mtihani wake. Simu huupima mwanga wa picha nzima. Ikiona weusi mwingi hudhani pana giza, ikazidisha mwanga, na uso na mikono ikafifia kwa weupe. Dawa yake ni kuugusa uso kwenye kioo cha simu na kukishikilia kidole hapo mpaka simu ionyeshe kuwa imefunga kipimo chake, kisha kukiteremsha kidole taratibu ili mwanga upungue. Kufunga huko pia huizuia picha isiwe inang'aa na kufifia kila mtu anaposogea.

Ikiwa hapana budi kurekodi usiku, huenda mkaona mistari ya giza ikipanda na kushuka. Umeme wetu wa Kenya huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na baadhi ya taa hupepesa kwa kuufuata. Ikiwa simu yenu inaruhusu, badilisheni kutoka picha 30 kwa sekunde hadi 25, na aghalabu mistari hiyo hutoweka.

Utulivu

Kabla ya lolote, futeni kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Ukungu mwingi tunaoulaumu kwa simu ni alama za vidole na mafuta ya jikoni. Tumieni kamera ya nyuma, ambayo kwa kawaida ni bora kuliko ya mbele, na mkitaka kitu kionekane kikubwa, kisogeleeni kwa miguu. Kuivuta picha kwa vidole huipunguzia ubora.

Asiye na stendi ya miguu mitatu ana vitabu, ana kinu, na ana bilauri iliyojazwa mchele wa kuisimamishia simu. Ikibidi kuishika kwa mkono, viwiko vibanwe mbavuni. Kila picha ishikwe bila ya kusogezwa huku mkihesabu moja hadi kumi kimoyomoyo. Picha zipigwe kwa aina tatu: ya mbali ionyeshayo chumba, ya kati ionyeshayo mtu na kazi yake, na ya karibu ionyeshayo mikono. Ni hiyo ya karibu inayofundisha. Katika video yetu, mwiko waonekana lakini ndani ya sufuria hamuonekani. Hivyo hata rangi ya sukari, ambayo ingalitupa dalili, tumeikosa.

Kwa video ya kuhifadhiwa nyumbani, ilazeni simu. Kwa ile ya kuwekwa hadhi ya WhatsApp au TikTok, isimamisheni. Ubora wa 1080p watosha kwa shughuli zetu. Dakika moja ya ubora huo huchukua takriban megabaiti 60 hadi 130, kwa hivyo dakika 40 zaweza kufikia gigabaiti 5. Hakikisheni nafasi ipo, na simu itieni katika hali ya ndege, ili simu ya shangazi isikatize kazi katikati.

Idhini

Hili ndilo linalotugusa zaidi sisi kina mama. Katika Suratun-Nur tumefundishwa kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu. Kamera nayo ni mlango, tena mlango unaoweza kuwaingiza maelfu ya watu chumbani bila ya mwenye nyumba kujua. Nayo nchi yetu, katika Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, yaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa ni katika taarifa zake binafsi.

Kwa hivyo mzee aulizwe kwa adabu, tena aulizwe yote: "Bibi, twaomba idhini yako tukurekodi ukitufundisha. Je, wapenda uso uonekane, au mikono tu? Na tumwonyeshe nani?" Akisema iwe ni ya watoto wake pekee, basi ni amana, na haiingii hata katika kikundi cha ukoo. Katika kupamba na shughuli nyingine za harusi, ambamo wanawake wamevua mabuibui yao kwa kuaminiana, simu na zikae mikobani. Video moja ikiponyoka hairudi.

Kuna na yale tusiyoyatazamia. Kioo cha kabati kilicho nyuma huonyesha aliyeketi bila ya mtandio upande wa pili wa chumba. Sare ya mtoto hutaja skuli yake. Tazameni ukingo wote wa picha kabla ya kubonyeza, na tazameni tena kabla ya kutuma.

Kwa kina mama wa biashara

Wengi miongoni mwenu mwauza mahamri, kofia za vito, hina au udi mkiwa nyumbani, na mwatuuliza kama yawezekana kutangaza bila ya kuonyesha uso. Yawezekana, na aghalabu matokeo huwa mazuri zaidi, kwa sababu mnunuzi anataka kuiona kazi. Kwa mahamri, pigeni mkono ukililegeza lile la kwanza, mvuke ukitoka. Kwa kofia, wekeni mwanga ubavuni, maana mwanga wa mbele hufuta vivuli vya vitundu na kofia ikaonekana kama kitambaa kitupu. Kwa udi, chetezo kiwe mbele ya pazia jeusi na dirisha liwe nyuma kidogo kwa pembeni. Hapo moshi utaonekana ukipanda uzi kwa uzi. Sauti yenu wenyewe ikieleza bei na namna ya kuagiza yatosha, na asiyependa sauti yake isikike aandike maneno juu ya picha. Sekunde 30 hadi 40 zinatosha.

Mwishowe, hifadhini. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Video iliyo ndani ya simu moja ni kama haipo, kwani simu huanguka baharini, huibwa na huharibika. Iwekeni pahali pawili. Na mkimtumia jamaa kwa WhatsApp, itumeni kwa njia ya faili badala ya kuituma kama video ya kawaida, kwa sababu WhatsApp huibana video na kuipunguzia ubora.

Wasomaji wetu, twawaachia kazi moja ya wiki hii. Katika kila nyumba yuko mzee ajuaye jambo ambalo hakuna mwingine alijuaye vyema kama yeye: kipimo cha iliki katika mahamri, nasaba ya ukoo, dawa ya mtoto mwenye chango, mshono wa kofia. Mwendeeni baada ya swala ya Alasiri. Mwombeni idhini, zimeni pangaboi, mketisheni karibu na dirisha, fanyeni jaribio la nusu dakika, kisha mrekodini dakika tano tu. Kesho yake, dakika tano nyingine. Msingoje simu bora, wala msingoje Idi.

Sisi bado twajaribu udi wa bibi. Juma lililopita jirani mmoja, ambaye zamani alikuwa akimsaidia jikoni, alitwambia kuwa sukari huepuliwa inapofikia rangi ya asali, kabla haijawa rangi ya tende. Safari hii tulimrekodi yeye, na kabla ya kuanza tulilizima pangaboi.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wazee wetu walio hai, na awarehemu waliotutangulia. Wabillahi tawfiq.