Barafu ya Kilimanjaro na Kahawa ya Umatengo

Mwaka 2002 bingwa wa barafu wa Marekani, Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, aliutangazia ulimwengu kwamba huenda barafu ya Kilimanjaro ikatoweka kati ya mwaka 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na barafu ingaliko. Basi wapo wanaocheka, wakisema mabingwa hawa ni wapiga ramli waliosoma. Sisi hatucheki, wala hatusemi kwamba kila anenalo bingwa lipokewe bila kuulizwa.

Tuitazame kazi yenyewe. Mwaka 2000 Thompson na wenzake walitoboa barafu ya kileleni mahali sita, wakasoma tabaka zake moja moja. Walikuta vumbi la ukame mkuu uliotukia miaka 4,000 hivi iliyopita. Tena walilinganisha ramani: mwaka 1912 barafu ilifunika kilomita za mraba 12, mwaka 2000 hazikufika 3. Vipimo vya mwaka 2011 vilionyesha kwamba hazifiki hata 2. Bwana huyu alikosea tarehe. Mwendo wa jambo hakuukosea.

Juu ya sababu, mabingwa walibishana, na ubishi huo una faida kwetu. Georg Kaser wa Innsbruck, Austria, na wenzake walionyesha kwamba hewa ya Afrika Mashariki ilianza kukauka mnamo mwaka 1880, mawingu na theluji vikapungua, na jua likaila barafu. Sehemu kubwa ya barafu hiyo hugeuka mvuke bila kuwa maji. Kwa hiyo mito ya Kilimanjaro hulishwa hasa na mvua na misitu ya mlimani, wala si na kilele cheupe kinachopigwa picha na watalii.

Hapo ndipo habari hii inapowafikia watu wa Mbinga, wa Tingi na wa Mbamba Bay, ambao milima yao haina barafu hata kidogo. Historia ya hewa yao imelala ndani ya tope la Ziwa Nyasa. Mwaka 2005 Christopher Scholz na wenzake walitoboa sakafu ya ziwa hilo, wakagundua kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita ulitokea ukame mkali hata maji yakashuka mita 600 na zaidi. Ziwa lenye kina cha mita 700 hivi! Mvuvi wa leo na afikiri.

Lakini ukame wa kale hauuzi wala haununui kahawa. Mwaka 2015 Alessandro Craparo na wenzake, wakichungua takwimu za arabika ya Tanzania, walieleza kwamba joto la usiku ndilo linaloumiza zaidi: likizidi kwa digrii 1, mavuno hupungua kilo 137 hivi kwa hekta. Mmatengo alikwisha kuushinda mteremko kwa ngoro, akilaza nyasi miraba miraba na kuzifunika kwa udongo, ili mashimo yanase maji ya mvua. Ni elimu kubwa, na haikutoka chuo chochote. Walakini ngoro hushika udongo na maji. Haiwezi kuupoza usiku.

Basi twauliza: usiku wa Umatengo umezidi joto kwa kiasi gani tangu wazee walipopanda mibuni ya kwanza? Mkulima hana budi kupewa jibu la milima yake mwenyewe, kwa Kiswahili, kabla hajaamua kung'oa mibuni au kupanda miti ya kivuli. Kila chama cha ushirika kina karani na daftari. Kipimajoto na kipimamvua havifiki bei ya gunia la kahawa. Karani na aandike kila asubuhi, nakala ipelekwe kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na hesabu za mwaka zisomwe mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, pamoja na hesabu za fedha.